Injini Haifi kwa Uzee

Kagunga haihitaji trekta. Kijiji kimebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, mpakani na Burundi, na trekta haiwezi kupanda miteremko ile. Mtambo wa mkulima wa huko ni injini ya dizeli ya silinda moja, inayosaga muhogo au kuzungusha mashine ya kukamua mawese. Ushauri mwingi unaoandikwa kuhusu zana za kilimo haumhusu kabisa.

Kinachomhusu ni ziwa. Vipuri huja kwa boti kutoka Kigoma mjini, vikipita Gombe. Injini ikizimika katikati ya msimu, chikichi hazisubiri: zikikaa muda mrefu baada ya kukatwa, asidi huongezeka na mawese hupoteza ubora. Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe bei. Uliza kama nozo, ringi za pistoni na gasketi ya hedi ya injini hiyo zinauzwa Kigoma. Halafu nunua aina ileile aliyonayo jirani. Injini za aina moja huazimana spea, na iliyokufa huiponya iliyo hai.

Adui mkubwa ni maji ndani ya dizeli. Pampu na nozo zimechongwa kwa vipimo vya elfu za milimita, na dizeli yenyewe ndiyo inayozilainisha; maji huleta kutu, mchanga huzikwangua. Dumu likishushwa kwenye boti, liache litulie usiku kucha. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini. Asubuhi mimina polepole kupitia chujio, bila kulitikisa, na kile kinachobaki mwisho kisiingie kwenye tangi hata kama roho inauma.

Oili nayo huhesabiwa kwa saa za kazi, si kwa miezi. Injini nyingi za aina hii hutaka oili mpya kila baada ya saa 100 hivi. Kitabu cha injini yako ndicho kiamue. Wakati wa mavuno, saa hizo huisha kwa wiki mbili. Hapo daftari la shilingi chache lina faida zaidi kuliko fundi hodari: andika saa ya kuwasha na ya kuzima, basi. Kwenye kinu, chujio la hewa lisafishwe mara nyingi zaidi, maana vumbi la unga huliziba upesi.

Grisi nayo isisahaulike: anayeidharau aikumbuke Liemba, meli iliyobeba maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga mwaka 2015. Wajerumani walipoizamisha mwaka 1916 walizipaka injini zake grisi nzito kwanza. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa injini zilezile za mvuke.

Kinachokosekana zaidi, kwa maoni yangu, si ufundi bali fungu la matengenezo. Vikundi vya wakulima wanaomiliki mashine kwa pamoja hugawana mapato yote, kisha mkanda ukikatika huanza kuchangishana. Toeni fedha ya mashine katika kila dumu la mawese kabla hamjagawana, na fungu hilo lishikwe na mtu asiyekopesha. Kisha, kabla msimu haujaanza, mmoja wenu apande boti akanunue mkanda, machujio mawili na galoni ya oili.