Bei ya Jua la Kesho

(Mazungumzo ya asubuhi yaliyosemwa redioni)



Juma lililopita kijana mmoja wa kwaya alitujia baada ya ibada, simu mkononi. Akasema, "Wazee wangu, kuna watu Marekani wanaouziana joto la kesho. Si mpira, wala si karata. Ni elimu ya hali ya hewa. Je, hiyo nayo ni kamari?" Tulipomwuliza kwa nini ataka kujua, aliinamisha kichwa. Ndani ya simu ile mlikuwa na karo ya mdogo wake, na mwenzake alikuwa amemwambia kwamba pesa hizo zaweza kuzaa kabla shule hazijafunguliwa.

Hatukumkemea. Si vema kukemea jambo tusilolielewa. Basi na tulitazame kwanza jambo lenyewe.

Katikati ya mji wa New York ipo bustani kubwa iitwayo Central Park. Hali ya hewa imekuwa ikipimwa humo tangu mwaka 1869. Siku hizi vyombo vya kupimia viko karibu na jengo la mawe liitwalo Belvedere Castle, na Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani hutangaza kila siku joto la juu kabisa lililofikiwa hapo. Siku iliyoshinda zote kwa ukali ilikuwa tarehe 9 Julai 1936. Joto lilifika digrii 106 kwa kipimo chao cha Fahrenheit, yaani kama 41 kwa kipimo chetu cha Selsiasi.

Sasa, liko soko liitwalo Kalshi, lililopata kibali cha serikali ya Marekani mwaka 2020 na kufungua milango mwaka 2021. Humo hakuuzwi nguo wala nafaka. Huuzwa majibu ya maswali. Tuseme swali ni hili: je, kesho joto la juu la Central Park litakuwa digrii 88 au 89? Anayesema ndiyo analipa, kwa mfano, senti 30. Anayesema siyo analipa senti 70. Jumla yake ni dola moja. Siku ikiisha na taarifa ya Idara ikitoka, aliyesema kweli hupewa dola nzima, na mwenzake hapati hata senti.

Bei hiyo ya senti 30 ina maana. Ni kana kwamba wanunuzi wote wanasema, "Katika siku 100 zinazofanana na kesho, huenda siku 30 zikawa hivyo." Wingu likitanda, bei yaweza kushuka. Jua likitoka, yaweza kupanda. Kufikia jioni hukaribia dola nzima au hukaribia sufuri, maana kipimo kimekwisha kusema.

Ndugu zetu, hapa pana jambo la kusifu. Wengi wetu hutamka habari za kesho kana kwamba tumetoka huko. Bei hii haidai kujua. Inakiri kiasi cha kutojua kwake, na ikisikia habari mpya hubadilika bila kuona haya. Laiti nasi tungekuwa wepesi hivyo kusema, "Nilikosea."

Lakini na tufanye hesabu. Tuseme bei ya senti 30 ni sawa kabisa. Kijana wetu akinunua mara 100, atatumia dola 30. Atashinda mara 30, naye atapata dola 30. Amerudi alipoanzia, na bado hajalipa ada ya soko. Ili apate faida, hana budi kujua zaidi ya wenzake wote, na miongoni mwao wamo wenye kompyuta zinazosoma vipimo usiku na mchana. Hata saa ina mtego wake. Wakati wa kiangazi Wamarekani husogeza saa zao mbele kwa saa moja, lakini Idara haisogezi hesabu yake. Kwa hiyo siku ya kipimo huanza saa saba usiku na kwisha saa saba ya usiku unaofuata. Asiyejua hilo aweza kupoteza pesa akidhani siku imekwisha.

Tena, kila dola anayopata mmoja imetoka mfukoni mwa wengine. Hakuna shamba lililolimwa, wala kiti kilichochongwa.

Je, kila mapatano juu ya hali ya hewa ni mabaya? La, hasha. Tangu mwaka 1999 soko kubwa la Chicago limeuza mikataba ya joto na baridi. Kampuni inayouza gesi ya kupashia nyumba moto hupata hasara baridi isipokuja, na kwa mkataba huo hupunguza hasara yake. Hata kwetu Kenya, mwaka 2009 ilianza bima iitwayo Kilimo Salama, huko Laikipia. Mkulima aliponunua mbegu na mbolea aliongeza pesa kidogo. Kituo cha hali ya hewa kilipima mvua, na mvua ilipokosekana, fidia ilitumwa kwa simu.

Tukamwambia kijana, "Mkulima yule alikuwa na mahindi shambani. Wewe una nini Central Park? Joto likizidi huko, cha nani kitanyauka?"

Akacheka. Kisha akauliza neno zuri: "Lakini mkulima akilipa bima na mvua ikanyesha, si amepoteza pesa zake kama mimi?"

Ndiyo, pesa zimekwenda. Lakini ghala lake limejaa. Alikuwa na mzigo wa hofu kabla ya kulipa, akatafuta wa kumsaidia kuubeba. Mwenye dau hakuwa na mzigo wowote. Alikwenda kuununua, akautia juu ya kichwa cha mtoto anayengoja karo.

Basi msikilizaji, ukiitwa kutia pesa katika jambo la kesho, jiulize mambo mawili. La kwanza, je, mapatano haya yanapunguza hatari niliyo nayo tayari, au yananiletea hatari ambayo sikuwa nayo? La pili, nikipoteza, ni nani atakayelala njaa au kurudishwa nyumbani kutoka shuleni?

Kijana alitushukuru akaenda zake. Jumatatu mama yake alitupigia simu kutuambia kwamba mtoto amepokelewa darasani.

Jua la kesho litachomoza bila kutuuliza bei. Mungu na atupe hekima ya kuitunza leo aliyotupa. Kwaherini.