Maziwa ya mama hayageuki maji katika mwaka wa pili

Fridley, mji ulioko kando ya mto Mississippi kaskazini mwa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ni miongoni mwa maskani ya familia zilizohamia kutoka Afrika Mashariki. Mama aliyelelewa Mombasa au Kisumu, ambako mtoto wa mwaka mmoja na nusu akionekana ziwani si ajabu, hujikuta katika nchi ambayo watoto walio wengi huachishwa ziwa kabla ya kutimiza mwaka. Akiendelea kunyonyesha huulizwa sababu, na pengine huambiwa kwamba maziwa yake yamekwisha kuwa maji matupu.

Dai hilo halina msingi. Ni kweli kwamba karibu sehemu tisa kwa kumi za maziwa ya mama ni maji, lakini ndivyo yalivyo tangu mwezi wa kwanza. Mtoto aliye katika mwaka wa pili, akinyonya kiasi kisichofika nusu lita kwa siku, hupata humo asilimia 29 ya nguvu anazohitaji, asilimia 43 ya protini, asilimia 60 ya vitamini C na asilimia 75 ya vitamini A. Vitamini B12, ambayo kwa kawaida hutokana na nyama, mayai na maziwa, hufikia asilimia 94, mradi mama mwenyewe asiwe mtu asiyekula vyakula hivyo kabisa.

Kinga nayo haipungui. Uchunguzi uliofanywa katika jimbo la North Carolina na kuchapishwa mwaka 2017 uligundua kwamba baada ya mwezi wa 11 protini na chembechembe za kupambana na maradhi ziliongezeka katika maziwa, ingawa madini ya zinki na kalisi yalipungua. Ndiyo maana chakula cha kawaida, ambacho mtoto huanza kupewa akiwa na miezi sita, hakiwezi kuachwa. Ziwa la mwaka wa pili huandamana na uji, maharage, samaki na mboga. Halichukui nafasi yake.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtoto anyonyeshwe hadi miaka miwili au zaidi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kilichokuwa kikitaja mwaka mmoja, kiliunga mkono miaka hiyo miwili mnamo Juni 2022.

Hata hivyo, zipo kasoro mbili zisizofaa kufichwa, na moja yao huwagusa hasa wakazi wa Fridley. Maziwa ya mama yana vitamini D kidogo mno. Huko Mombasa jua hufidia upungufu huo bila mtu kujua. Lakini Fridley iko kwenye nyuzi 45 kaskazini mwa ikweta, na tangu Novemba hadi Februari jua hupita chini sana hata ngozi isiweze kutengeneza vitamini hiyo. Ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi, na mavazi ya kujistiri au ya baridi huzuia hata hilo dogo lililopo. Matokeo yake huweza kuwa matege, yaani mifupa laini inayopinda. Kwa hiyo mtoto anayenyonya hupewa matone yenye mikrogramu 10 za vitamini D kila siku tangu siku za mwanzo za maisha yake. Akishatimiza mwaka huhitaji mikrogramu 15. Kasoro ya pili ni upungufu wa madini ya chuma, ambayo madaktari huanza kuyaongeza mtoto anapofikia miezi minne.

Kikwazo kikubwa zaidi huenda ni kazi. Sheria ya Minnesota ya mwaka 1998 huwataka waajiri wampe mama muda wa kukamua maziwa, na mahali pa faragha pasipokuwa choo. Marekebisho ya mwaka 2023 yaliondoa ukomo wa miezi 12 uliokuwamo, hivyo mwajiri hawezi tena kumwambia mama kwamba mtoto wake amekua. Sheria nyingine ya 1998 humruhusu kunyonyesha popote anapokuwa na haki ya kuwapo, iwe dukani au ndani ya basi. Na katika mpango wa serikali kuu wa chakula kwa kina mama wa kipato cha chini, uitwao WIC, anayenyonyesha hupewa chakula chake mwenyewe hadi mtoto atimize mwaka. Asiyenyonyesha hukatiwa baada ya miezi sita.