Usubi: mdudu wa mtoni anayezima macho polepole

WATOTO wa mjini wakipanda Uluguru kula upepo, hupiga picha kwenye maporomoko, wakashuka zao. Lakini kwenye maji hayohayo yaendayo kasi kuna mdudu mdogo mweusi, mwenye kibyongo, aitwaye usubi. Anauma mchana kweupe, na ugonjwa anaoueneza nao huitwa usubi. Mkoani Morogoro umejulikana tangu zamani Uluguru na Mahenge.

Mambo huwa hivi. Akikuuma mara kwa mara, anakuachia minyoo. Minyoo mikubwa hukaa ndani ya vinundu chini ya ngozi miaka 10 hadi 15, ikizaa vitoto kwa maelfu. Vitoto hutambaa kwenye ngozi, ndipo unajikuna usiku kucha. Vingine hupenya jichoni. Vikifa humo, mwili hucharuka. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaonasa picha, huvimba na kubaki na makovu. Kwanza giza la jioni linakushinda. Baadaye unaona mbele tu, kama anayechungulia kwenye bomba. Na kwa kuwa retina haiumi, wengi huchelewa.

Shangazi atasema umerogwa, muuza duka atakupa dawa ya upele. Wewe nenda hospitali. Kipimo si cha kutisha: hunyofolewa kijipande cha ngozi, kikalowekwa kwenye maji ya chumvi. Vitoto vikionekana vinacheza chini ya hadubini, jibu ndilo hilo. Daktari wa macho naye humulika nyuma ya jicho kutafuta makovu.

Dawa ipo, ivamektini. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ya Marekani iliahidi kuitoa bure, na mwaka 2015 William Campbell na Satoshi Ōmura walipata Tuzo ya Nobel kwa uvumbuzi uliozaa dawa hiyo. Inaua vitoto, siyo wazazi wao, kwa hiyo humezwa tena mwaka hadi mwaka. Wajawazito na watoto wadogo hawapewi. Ukiwashwa kidogo baada ya kumeza usikimbie. Mara nyingi ni vitoto vinakufa.

Sasa kaka, dada, sikia: dawa inazuia, lakini kovu la retina haliondoi. Matembezi ya siku moja mlimani hayakupofushi. Ila kama umekulia kando ya mito hiyo, mwili unawasha na jioni unapapasa ukuta, usingoje. Kapime!