Shimo la Bamburi
Wageni wangu wakifika Mombasa huniomba niwapeleke Haller Park kuona twiga na viboko. Nawapeleka, ila mimi huwainamisha kwanza watazame majongoo.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza mwaka 1954, na saruji hutaka mawe ya chokaa. Yakachimbwa, likabaki jangwa jeupe lisilo na udongo. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyeajiriwa na kiwanda hicho hicho, akajaribu aina 26 za miti. Karibu zote zikafa, mvinje ukashika. Majani yake makavu yakarundikana bila kuoza, mpaka majongoo walipoletwa kuyatafuna na kuyageuza mbolea. Shimo hilo ndilo Haller Park ya leo.

Kwangu mimi, uraia mwema wa kampuni ndio huo: kampuni kujihesabu mkaazi miongoni mwa wakaazi. Mwenye hisa si mwenye haki peke yake. Yupo mfanyakazi anayevuta vumbi, yupo jirani, yupo mteja anayejenga nyumba, ipo serikali. Na madai yao hugongana: mmoja ataka gawio, mwingine ataka shimo lishughulikiwe.

Siku hizi mtindo ni hundi kubwa ya kadibodi ya madawati ya shule na picha gazetini. Siibezi, madawati ni madawati. Lakini nikiona picha hiyo huuliza kuhusu biashara yenyewe: vumbi linakwenda wapi, vibarua wanalipwa lini, na shimo je? Nchini Kenya la shimo si hisani tena. Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mwombaji wa leseni awasilishe mpango wa kurekebisha ardhi kabla hajapewa ruhusa ya kuchimba.