Mganga, Mpiga Ramli na Mtu Aliyetoweka

Katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, kama ilivyo kwingineko nchini, mtu asiporudi nyumbani jamaa zake huwaarifu viongozi wa kijiji na polisi. Baadhi yao humwendea pia mtu anayesadikiwa kuyajua yaliyofichika. Je, mtu huyo tumwiteje katika maandishi rasmi? Mara nyingi huitwa mganga. Sisi twaona jina hilo halimfai.

Mganga ni mwenye kuganga, yaani kutibu. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtambua na kumtaka asajiliwe kwa kazi hiyo. Kutafuta aliyetoweka si tiba. Mpiga ramli ni mwingine, ingawa yawezekana mtu mmoja akazifanya kazi zote mbili. Ramli ni neno lililotokana na Kiarabu, na asili yake ni mchanga, kwa kuwa alama zilichorwa mchangani zikasomwa. Asiyetumia ramli aitwe "anayedai kujua yaliyofichika". Kwa wote wawili, kitenzi kiwe "amedai", wala si "ameona".

Tofauti hii si pambo. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 humtaka shahidi aliyeona aeleze alichokiona mwenyewe. Karani akiandika "mpiga ramli ameona maiti mtoni", ameyageuza madai kuwa ushahidi. Vivyo hivyo, maneno "amechukuliwa msukule" yamekwisha kumtia hatiani jirani asiyeulizwa lolote. "Ametoweka" au "hajulikani alipo" hayamtuhumu mtu. Mwezi Januari 2015, kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino, Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Istilahi "ramli chonganishi" yafaa kuhifadhiwa, kwani yataja madhara yenyewe: kuwagombanisha watu.

Madhara hayo hayako kwetu tu. Nchini Marekani, mwaka 2004, Sylvia Browne, aliyejulikana kwa madai ya namna hii, alimwambia mama mmoja katika televisheni kwamba binti yake aliyetoweka amekufa. Mama akafariki mwaka 2006. Binti akapatikana hai mjini Cleveland mwaka 2013. Mfasiri atakayesimulia habari hiyo hana budi kuandika "alidai". Neno hilo moja humwachia msomaji nafasi ya kuuliza, na aliyetoweka nafasi ya kuendelea kutafutwa.