Kigari cha mapacha: tazama kwanza shingo ya mtoto, kisha njia ya mtaani kwako

Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37. Naanza na jambo hili kwa sababu wazazi wengi ninaokutana nao kwenye mazoezi ya watoto njiti wanakuja wameshanunua kigari, au wameshaletewa na ndugu, na kigari hicho kilichaguliwa kwa rangi, kwa bei au kwa sababu jirani anacho. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia ya watoto. Kwangu mimi, swali la kwanza ni mtoto atalalaje humo ndani.

Mtoto mchanga hawezi kushika kichwa chake. Akiwekwa kwenye kiti kilichosimama, kichwa huanguka mbele, kidevu hugusa kifua, na njia ya hewa, ambayo kwa umri huo ni nyembamba na laini, hubanwa. Hatari hii haina kelele. Ukimtazama utadhani amepitiwa na usingizi. Kwa hiyo mtoto wa umri huo alazwe chali, mahali tambarare, mpaka shingo ikaze. Wengi hufikia hapo kwenye mwezi wa nne, na kukaa wenyewe huja baadaye. Kwa njiti, hesabu ianze siku aliyotarajiwa kuzaliwa, si siku aliyozaliwa. Kulwa na Doto waliotangulia kwa miezi miwili, kadi ya kliniki ikisoma miezi minne, shingo zao bado ni za miezi miwili.

Vigari vya watoto wawili viko vya namna mbili kubwa. Kuna cha ubavu kwa ubavu, watoto wakikaa sambamba, na kuna cha mbele na nyuma, mmoja akimtangulia mwenzake. Tatizo la hiki cha pili kwa mapacha wachanga ni kwamba mara nyingi kiti kimoja tu ndicho kinacholala kikamilifu. Kingine huishia katikati kwa kukosa nafasi. Muuzaji atakulazia kimoja na utaridhika. Usiridhike. Mwambie alaze vyote viwili kwa wakati mmoja, kisha weka kiganja chako kwenye makutano ya mgongo na kalio la kiti. Ukikuta bonde, mtoto atajikunja hapo.

Kwa mapacha, basi, mimi huegemea kwenye ubavu kwa ubavu. Wana uzito unaokaribiana, kila mmoja ana nafasi sawa ya kunyoosha miguu, na mama anawaona wote kwa mtazamo mmoja. Gharama yake ni upana. Vingi vina sentimita 75 hivi, vingine vinakaribia 80. Pima mlango wako kabla ya kutoka nyumbani, na usipime fremu peke yake. Pima nafasi inayobaki mlango ukiwa wazi, kwa kuwa ubao wa mlango na grili hula sentimita kadhaa. Anayeishi ghorofani apime na lifti. Na kwa wakazi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar au wa Lamu, ambako uchochoro mmoja hupitwa na watu, baiskeli na mikokoteni, nabadilisha ushauri: huko cha mbele na nyuma kinafaa zaidi, mradi viti vyote vinalala.

Sasa njia. Vigari vingi vya dukani vimebuniwa kwa ajili ya sakafu ya maduka makubwa na kando za barabara zilizosakafiwa. Chukua mapacha wa miaka miwili: kila mmoja ana kilo 12 hivi. Ongeza kigari chenyewe, kilo 13 au zaidi, na mkoba wa nepi, maji na uji. Unasukuma kilo 40 kwenye mchanga wa Mbagala au kokoto za Githurai. Gurudumu dogo la plastiki likikutana na jiwe halilipandi, linasimama, na mwili wako unaendelea mbele. Kadiri gurudumu lilivyo kubwa kuliko kizuizi, ndivyo nguvu ya kukivuka inavyopungua. Nawashauri wazazi watafute magurudumu ya upepo ya inchi 12, angalau kwa nyuma, na gurudumu la mbele lenye kifungo cha kulizuia lisizunguke. Barabara ikiwa mbaya unalifunga, linakwenda moja kwa moja. Ukifika kwenye sakafu unalifungua.

Wengine wanaogopa pancha. Tairi hizo nyingi hutumia tyubu zile zile za baiskeli ndogo za watoto, na valvu yake ni kama ya gari. Fundi baiskeli wa mtaani anaziba kwa dakika chache, na upepo unajazwa popote. Kipimo cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, msizidishe. Kinachoshinda mafundi ni bawaba ya plastiki iliyovunjika na breki ya waya ambayo kipuri chake hakipatikani. Hivyo ndivyo vya kukaguliwa kwa makini.

Usafiri nao uangaliwe. Kigari kizuri kisichoingia kwenye buti ya IST au kwenye bajaji kitakaa sebuleni. Kikunje mwenyewe dukani, bila msaada wa muuzaji, huku mkono mmoja umeshika kitu kizito kama mtoto, kwa sababu hivyo ndivyo utakavyokikunja kituoni. Ukishindwa, na dada wa kazi hatakiweza.

Kwa ndugu waliofuatana kwa karibu, ushauri wangu ni tofauti, na huwashangaza wengi: mara nyingi hamhitaji kigari cha watu wawili. Mkubwa mwenye mwaka na nusu na mdogo mchanga wana mahitaji yasiyofanana. Mmoja anataka kukaa na kutazama watu, mwingine anatakiwa kulala chali. Katika kigari cha ubavu kwa ubavu, uzito wao usiolingana huvuta mwelekeo upande wa mkubwa, na mikono ya anayesukuma inafanya kazi ya kurekebisha njia nzima. Mbeleko ya kanga kwa mdogo na kigari cha mtoto mmoja kwa mkubwa vinatosha familia nyingi, maadamu mama amepona vizuri na uso wa mtoto unaonekana, kidevu kikiwa mbali na kifua. Zaidi ya hapo, baada ya mwaka mmoja mkubwa atakuwa anakataa kubebwa kabisa. Kama tofauti yao inazidi miaka miwili na nusu, fedha hizo zitafutiwe kazi nyingine.

Na atembee. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano asifungwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa moja mfululizo, iwe ni kwenye kigari, kwenye kiti kirefu au mgongoni mwa mlezi. Naona watoto wa mjini wanaoshindia kwenye kigari kwa sababu uani hakuna nafasi, na nyonga na miguu yao inaonyesha. Mteremshe, atambae juu ya mkeka, kisha mwendelee na safari.

Joto la pwani linastahili aya yake. Mzazi anapoona jua kali, hufunika kigari kwa kitambaa. Nia ni njema, lakini kitambaa kikavu huzuia hewa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2023: kitambaa chepesi kikavu kiliongeza joto ndani ya kigari kwa nyuzi 2.6 kulinganisha na kigari kisichofunikwa. Kitambaa hicho hicho kikiloweshwa, na feni ndogo ikipuliza, joto lilishuka kwa karibu nyuzi tano. Kwa Dar es Salaam na Mombasa, ambako hewa ina unyevu mwingi na maji hukauka polepole, nisingetegemea nafuu kubwa kiasi hicho. Nachagua paa pana lenye dirisha la wavu nyuma, nafunga safari asubuhi, na natia mkono shingoni mwa mtoto mara kwa mara. Kwa mapacha, gusa shingo zote mbili.

Mikoba isitundikwe kwenye mpini. Kigari cha mbele na nyuma ndicho kinachobinuka upesi: mtoto wa mbele akishushwa, wa nyuma akabaki na mkoba ukaning'inia, uzito wote umehamia upande mmoja. Shusha mkoba kwanza, funga breki, kisha ndiyo mtoto. Kikapu cha chini ndicho mahali pa mzigo.

Wengi wetu tunanunua mitumba, na sioni ubaya. Lakini kigari cha mtumba kina historia usiyoambiwa. Novemba 2009 vigari vya Maclaren vipatavyo milioni moja vilivyouzwa Marekani, vikiwemo vya mapacha, vilitangazwa kuhitaji kifuniko kwenye bawaba, baada ya watoto 12 kuripotiwa kukatwa ncha za vidole kigari kilipokuwa kinakunjuliwa. Kigari cha aina yoyote, cha kampuni yoyote, kikikunjuka kama mkasi mbele ya macho yako na chuma kinasagana na chuma, tafuta kifuniko hicho. Kama hakipo, kiache. Tazama pia mikanda: inapaswa kushika mabega, kiuno na katikati ya mapaja, na kila mtoto awe na wake. Mkanda uliokatwa na kushonwa upya kwa uzi wa nguo haumshiki mtoto kigari kinapopita kwenye tuta. Kisha kitie mzigo, kipeleke kwenye mteremko, ufunge breki na ukiachie.

Neno la mwisho ni kwa ndugu mlioko Muscat, London au Minneapolis, mnaotaka kumfurahisha mama aliyejifungua mapacha nyumbani. Kabla ya kulipia shehena, mpigieni simu mumuulize mambo matatu: mlango wake una upana gani, njia ya kwenda kliniki ni lami, mchanga au ngazi, na fundi wa karibu ana tyubu za inchi 12. Akisema kuna ngazi, msitume kigari. Mtumieni fedha za dada wa pili wa kumsaidia kwa miezi sita ya mwanzo.