Kabla ya Kutoa Mahari kwa Mazabodi

Kuna mchumba mwenye sura ya kuvutia ambaye ukishaoa ndiyo unagundua haelewani na yeyote nyumbani. Mazabodi nazo ziko hivyo hivyo. Boksi linang'aa, muuzaji anasifia, unalipa. Ukifika nyumbani Linux inawaka vizuri tu, lakini waifai haionekani. Hapo ndipo watu wanaanza kununiana.

Nalisema hili kwa sababu Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi kompyuta nyingi za zamani. Wapo waliohamia Linux, ambayo ni bure, na sasa wanataka kuziongezea mashine zao nguvu. Prosesa mpya mara nyingi inadai mazabodi mpya, na mazabodi mpya inaweza kudai ramu mpya, maana nafasi ya DDR4 haipokei DDR5. Ukijumlisha, hiyo ni kodi ya nyumba!

Kwetu kompyuta ya mezani ndiyo inayotulisha. Mume wangu anahariri video za harusi, mimi natafsiri nyaraka. Tulipokubaliana kugusa akiba niliweka sharti moja: hatulipi mpaka tuzijue chipu zote muhimu za hiyo bodi. Akacheka, "Mama watoto, unataka mpaka ukoo wake?" Nikamwambia ndiyo, mpaka ukoo.

Usiulize jina, uliza chipu

Ukiuliza, "Hii inakubali Linux?" muuzaji atakujibu inakubali, hata kama hajui. Na kuwaka, nyingi zinawaka kweli. Kasheshe huwa kwenye vitu vilivyobandikwa juu yake: waifai na bluetooth, tundu la kebo ya mtandao, na sauti. Kampuni moja inaweza kutoa bodi mbili zenye majina yanayokaribiana, moja ina waifai ya Intel, nyingine ya MediaTek. Kwa hiyo andika namba ya kila chipu, kisha itafute kwenye intaneti pamoja na neno Linux.

Angalia umri wa kerneli

Kerneli ndiyo moyo wa Linux, na draiva nyingi zimo humo humo. Chipu ikiwa mpya kuliko kerneli yako, hawajuani. Mfano ni waifai ya MediaTek MT7925, iliyoanza kutambuliwa kwenye kerneli 6.7. Ubuntu 22.04 ilitoka na kerneli 5.15, wakati 24.04 ilitoka na 6.8. Ndiyo maana bodi ileile kwa jirani inapiga kazi, kwako inagoma. Kujua kerneli yako, fungua terminali uandike uname -r. Kama hupendi kusasisha mara kwa mara, chagua bodi iliyokaa sokoni mwaka mmoja au miwili.

Nenda na flashi

Ubuntu na Linux Mint zinaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa. Kama dukani kuna mashine yenye bodi hiyo, omba uichomeke. Jaribu waifai, kebo na spika, ilaze kompyuta halafu uiamshe. Andika lspci -k uone draiva inayotumiwa na kila kifaa. Wakikukatalia, elewaneni kwa maandishi kuhusu kurudisha mzigo. La sivyo unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Sisi bodi ya kwanza ilikuwa na hiyo MT7925, na tulikuwa bado na kerneli 5.15. Mume wangu aliipenda kwelikweli, taa zake zilikuwa kama za ukumbi wa harusi. Tukaiacha. Tulichukua yenye Intel AX210, ambayo Linux inaitambua tangu kerneli 5.10. Diski yetu ya zamani ikahamia humo na Linux yake, ikawaka bila kusakinisha upya.

Wewe na mwenzako, kaeni mkague kabla pesa haijatoka mfukoni. Kazi yenyewe ni ya jioni moja na bando kidogo. Anayekuambia "chukua tu, itakubali" hatakuwepo siku bibi harusi anapopiga simu kuulizia video yake.